Programu yako ya kwanza: kuifundisha kompyuta saa ya Kiswahili

Mtu akikwambia mkutane saa mbili asubuhi, hukai kupiga hesabu. Simu imeandika 8:00, jicho limeona nane, na mdomo umeshasema mbili. Tumeifanya hesabu hii tangu utotoni hadi tumesahau kwamba ni hesabu. Mtoto anayejifunza kusoma saa ya ukutani huonyeshwa njia ya mkato: tazama mshale mfupi umeelekea wapi, kisha usome tarakimu iliyo mkabala nayo, upande wa pili wa duara. Mshale ukiwa kwenye saba, mkabala ni moja. Ukiwa kwenye kumi na mbili, mkabala ni sita.

Kompyuta haijui lolote kati ya hayo. Tutaifundisha, kwa mistari michache ya Python, ambayo ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na hiyo ndiyo itakuwa programu yako ya kwanza. Kwa desturi wanafunzi huanza na programu inayoandika salamu kwenye skrini. Desturi hiyo ina umri mkubwa: Brian Kernighan wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, Marekani, alitumia maneno ya kuisalimu dunia katika maelekezo yake ya lugha iitwayo B mwaka 1972, na siku hizi lugha nyingi hufundishwa hivyo. Tutapita kwenye salamu, lakini hatutakaa hapo. Salamu hukuthibitishia tu kwamba vifaa vinafanya kazi. Saa itakulazimisha kufikiri, na shida karibu zote zitakazokusumbua katika mwezi wako wa kwanza zimo ndani yake.

Kwanza vifaa. Python ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, na ilitolewa kwa umma mwaka 1991. Ni ya bure. Unaipakua kutoka python.org, ile ya Windows ina uzito wa megabaiti 30 hivi, kwa hiyo bando la kawaida linatosha. Kompyuta nyingi za Linux huja nayo tayari. Mwenye simu ya Android pekee asikate tamaa: kuna programu iitwayo Pydroid 3, na kila nitakachoandika hapa kinafanya kazi humo.

Angalia toleo. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na tunayotumia leo ni Python 3, lakini masomo ya zamani bado yamejaa kwenye intaneti. Ukiona mfano ambao neno print halifuatwi na mabano, ujue ni wa zamani. Usiunakili, kwa sababu Python yako itaukataa na utadhani umekosea wewe.

Sasa tufike penye mkanganyiko wa kwanza, ambao vitabu vingi huuruka. Ukisakinisha Python kwenye Windows, unapata pia kihariri kidogo, yaani programu ya kuandikia, kiitwacho IDLE. Ukikifungua unakutana na dirisha lenye alama tatu za mishale, namna hii: >>>. Mwanafunzi huona mahali pa kuandika, akaandika programu yake yote hapo, kila mstari ukajibiwa papo hapo, akafurahi. Akafunga kompyuta. Kesho yake anaifungua, hakuna kitu.

Dirisha lile la mishale ni la mazungumzo. Unasema neno, unajibiwa, na maneno yanapita kama mazungumzo yoyote ya barazani. Ni zuri kwa kujaribu jambo dogo: andika 19 - 6, bonyeza Enter, utaona 13. Programu ni kitu kingine. Programu ni barua: unaiandika yote kwanza, unaihifadhi katika faili, kisha unampa mtu wa kuisoma na kutenda yaliyomo. Faili hilo ni maandishi ya kawaida kabisa, halina siri yoyote. Lina jina linaloishia na .py tu. Kwenye IDLE, fungua menyu ya File, chagua New File, na dirisha tupu lisilo na mishale litatokea. Hapo ndipo pa kuandikia barua. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha F5. IDLE itakutaka kwanza uhifadhi faili, kisha itaiendesha programu, na majibu yatatokea kwenye lile dirisha la mazungumzo.

Ukiandikia kwenye Notepad, jihadhari na jambo moja. Windows kwa kawaida huficha mwisho wa majina ya mafaili, kwa hiyo unaweza kuhifadhi ukidhani faili linaitwa saa.py kumbe linaitwa saa.py.txt. Kwa macho hulioni kosa, na ukijaribu kuliendesha unaambiwa faili halipo. Mimi niliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu hiyo, nikisoma upya mistari ambayo haikuwa na kosa lolote. Na usiandikie kwenye Word. Word hupamba maandishi, na tutaona punde jinsi pambo hilo linavyoharibu kazi.

Ni nani basi anayesoma barua hiyo? Kichakataji cha kompyuta hakielewi Python hata neno moja. Chenyewe kinafuata maagizo ya namba tupu. Katikati yenu anakaa mkalimani, na mkalimani huyo ndiye ile Python uliyoisakinisha. Kwa Kiswahili tunatofautisha vizuri mfasiri na mkalimani. Mfasiri huchukua kitabu kizima akakirudisha kikiwa kimeandikwa kwa lugha nyingine, na baada ya hapo humhitaji tena. Lugha kama C hufanya hivyo. Mkalimani anasimama pembeni yako wakati wote, unavyosema ndivyo anavyofikisha, na akiondoka mazungumzo yanakwama. Ndiyo maana ukimtumia rafiki faili lako la .py na yeye hana Python, halitamfaa kitu.

Ila mkalimani huyu ana tabia moja ya kuikumbuka. Kabla ya kutenda neno la kwanza, anaipitia barua yote akikagua sarufi. Akikuta mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa kwenye mstari wa mwisho, hatendi hata mstari wa kwanza. Sarufi ikiwa safi, ndipo anaanza kutenda kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja baada ya mwingine. Na akikutana na jambo lisilotendeka, anasimama palepale, ya juu yakiwa yameshafanyika. Ukiielewa tofauti hii utajua pa kutafuta kosa. Programu haijaonyesha chochote? Huenda kosa ni la sarufi. Imeonyesha nusu ikakwama? Sarufi ni nzima, tatizo limo katika utendaji.

Haya, salamu. Andika kwenye faili jipya:

print("Habari za asubuhi")

Hifadhi, endesha. Maneno yatatokea bila zile alama za kunukuu. Neno print ni amri ya kuonyesha kitu kwenye skrini. Mabano yanabeba kile kinachoonyeshwa. Alama za kunukuu zinamwambia mkalimani: yaliyo humu ndani usiyaelewe, yachukue kama yalivyo. Zikikosekana atadhani Habari ni amri au jina analopaswa kulijua, na atalalamika.

Sasa jaribu huu:

print('Ng'ombe wamerudi')

Programu inakataa. Python hukubali alama moja ya kunukuu au mbili, chaguo ni lako. Lakini ritifaa yetu, ile iliyo katika ng'ombe, ng'ambo na king'ora, kwenye kibodi ni alama ileile moja. Mkalimani anaona maandishi yamefunguliwa, yakafungwa baada ya Ng, halafu ombe anamwona mgeni aliyesimama nje, na mwishoni kuna alama nyingine imefungua maandishi yasiyofungwa. Ujumbe utakaoupata kwenye matoleo ya karibuni ni unterminated string literal, yaani maandishi hayakufungwa. Tumia alama mbili tu kila mahali na shida hii itaisha:

print("Ng'ombe wamerudi")

Ndugu yake ni kosa la alama zilizopindwa. Ukinakili mstari kutoka Word, na mara nyingine kutoka kwenye ujumbe wa simu, alama za kunukuu huwa zimepindishwa kwa uzuri, ya kufungua imeelekea huku na ya kufunga kule. Kwetu ni kitu kimoja. Kwa Python ni herufi tofauti kabisa zenye namba zao, nayo haizitambui. Dawa ni kuzifuta na kuziandika upya kwa mkono ndani ya kihariri chako.

Sasa saa. Hesabu yetu inaonekana nyepesi: toa sita. Nane toa sita ni mbili. Faili jipya, lihifadhi kwa jina la saa.py:

saa = input("Simu inasema saa ngapi? ")
jibu = saa - 6
print("Kwa Kiswahili ni saa", jibu)

Mstari wa kwanza una mambo mawili. Amri ya input huonyesha swali na kusubiri mtu aandike. Alama ya = haisemi kwamba pande mbili ni sawa kama kwenye hisabati; inaagiza kwamba kilicho kulia kipewe jina lililo kushoto. Anachoandika mtu kinapewa jina saa. Jina umelichagua wewe, na Python 3 haina ubaguzi: saa, jibu, umri_wa_bibi, yote ni sawa. Jipe majina ya Kiswahili. Amri zenyewe ni za Kiingereza na hatuna la kufanya, lakini majina ni mali yako, na programu yenye majina unayoyaelewa husomeka kama hadithi.

Endesha, andika 8, bonyeza Enter. Unapata aya ya maneno mekundu ikianza na Traceback. Hapa wengi hufunga dirisha. Tafadhali usifunge. Wekundu ule si ukali. Ni taarifa, na husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio wenye kisa: TypeError: unsupported operand type(s) for -: 'str' and 'int'. Juu yake utaona line 2, yaani mstari wa pili, na mstari wenyewe umenakiliwa. Neno str ni maandishi, na int ni namba kamili. Mkalimani anasema: kwenye mstari wa pili umenitaka nitoe namba kutoka kwenye maandishi, na sijui kufanya hivyo.

Maandishi gani, nawe umeandika 8? Hapa pana somo zito kuliko yote ya siku ya kwanza. Chochote kinachotoka kwenye kibodi kupitia input hupokelewa kama maandishi, hata kikiwa tarakimu. Namba ya gari ina tarakimu pia, lakini hakuna anayetoa sita kwenye namba ya gari. Kompyuta haikisii unataka ipi. Inabidi uiambie kwamba hiki ni cha kuhesabia, na amri ya kuiambia ni int:

saa = int(input("Simu inasema saa ngapi? "))

Hesabu mabano: mawili yamefunguliwa, mawili yamefungwa. Kusahau la mwisho ni kosa la kila siku. Endesha tena, andika 8. Kwa Kiswahili ni saa 2. Furahia kidogo, unastahili. (Ukiandika 8:30 itakataa kwa ValueError, kwa kuwa nukta mbili zile si sehemu ya namba kamili. Kwa leo tunashughulika na saa kamili tu.)

Sasa andika 19, yaani saa moja usiku kwa simu inayohesabu hadi 24. Programu inajibu: Kwa Kiswahili ni saa 13. Andika 3, ya usiku wa manane. Inajibu: saa -3.

Hakuna wekundu safari hii. Hakuna lalamiko. Kompyuta imetoa jibu la uongo kwa utulivu uleule iliotolea jibu la kweli, kwa sababu kwake 13 na -3 ni namba kama nyingine. Kosa la sarufi na kosa la utendaji hujitangaza yenyewe. Kosa la fikra hukaa kimya, na anayeweza kuliona ni anayejua saa ya Kiswahili, yaani wewe. Ndiyo maana siamini kabisa kauli kwamba kazi hii ni ya wanaojua kompyuta tu. Anayelijua jambo lenyewe ana nusu ya kazi mkononi.

Turudi kwenye saa ya ukutani. Mshale ukishapita kumi na mbili, hauendi kumi na tatu, unarudi moja. Tunahitaji hesabu yenye tabia ya duara, na ipo: ni baki la kugawanya. Gawanya 13 kwa 12, inaingia mara moja na baki ni 1. Python huandika baki kwa alama ya asilimia, ambayo hapa haihusiani na asilimia hata kidogo:

jibu = (saa - 6) % 12

Ukiandika 19 sasa unapata 1. Ukiandika 3, Python inapata -3, inaizungusha nyuma kwenye duara, inatua kwenye 9. Saa tisa usiku, sawasawa. Lugha nyingine, C ikiwa mojawapo, zingekupa -3 kwa hesabu hiyohiyo, kwa hiyo ukihamia huko baadaye usishangae. Mabano yanahitajika: bila hayo baki litatafutwa kwanza, kutoa kufuate.

Jaribu 18. Jibu ni saa 0. Na hili ni la kuudhi kidogo, maana kabla ya marekebisho 18 ilitoa 12, jibu sahihi. Tumetengeneza pengine tukabomoa hapa. Itakutokea daima, nami inanitokea bado. Duara la baki linahesabu kutoka 0 hadi 11, na duara la ukutani kutoka 1 hadi 12. Vinatofautiana mahali pamoja tu, na mahali hapo tunapaongezea sharti:

saa = int(input("Simu inasema saa ngapi? "))
jibu = (saa - 6) % 12
if jibu == 0:
    jibu = 12
print("Kwa Kiswahili ni saa", jibu)

Alama mbili za == ndizo zinazouliza kama vitu viwili ni sawa; moja inatoa jina, mbili zinauliza. Nukta mbili mwishoni mwa sharti ni lazima. Na ule mstari ulioingia ndani kwa nafasi nne haukuingizwa kwa urembo: kuingia ndani ndiko kunakomwambia mkalimani kwamba mstari huu unategemea sharti la juu yake. Ukiingiza pia mstari wa print, programu itakaa kimya kila saa isipokuwa saa kumi na mbili.

Utajuaje sasa kwamba zote 24 ni sahihi? Usiziandike moja moja. Fungua faili jingine uandike:

for saa in range(24):
    jibu = (saa - 6) % 12
    if jibu == 0:
        jibu = 12
    print(saa, "ni saa", jibu)

Mistari ya ndani itarudiwa mara 24, saa ikianzia 0 hadi 23. Pitisha kidole kwenye orodha itakayotokea, ukilinganisha na unachokijua. Itakuchukua dakika moja.

Orodha hiyo itakuonyesha pia upungufu: 7 na 19 zote ni saa moja, na mtu anayepanda basi anahitaji kujua ni ya asubuhi au ya usiku. Ongeza haya kwenye saa.py, mahali pa ule mstari wa print:

if saa < 4:
    wakati = "usiku"
elif saa < 6:
    wakati = "alfajiri"
elif saa < 12:
    wakati = "asubuhi"
elif saa < 16:
    wakati = "mchana"
elif saa < 19:
    wakati = "jioni"
else:
    wakati = "usiku"
print("Kwa Kiswahili ni saa", jibu, wakati)

Neno if ni "kama", elif ni "la sivyo, kama", na else ni "vinginevyo". Masharti husomwa kutoka juu, na la kwanza kutimia ndilo linalotumika, mengine yanarukwa. Ukilipandisha lile la 12 juu kabisa, saa tisa usiku itaitwa asubuhi.

Mipaka hiyo nimeichora mimi, na nilipoichora nilisita. Saa kumi nimeiita ya jioni, lakini wako wanaosema saa kumi alasiri, kwa kuwa ndio wakati wa swala hiyo. Saa moja nimeiita ya usiku, na kuna nyumba ambazo ingali ya jioni. Katika mazungumzo hatugombani, kila mtu anaelewa. Mkalimani wa Python hana nafasi ya kuelewa. Anataka namba moja ambapo jioni inaanzia. Kama kwenu ni alasiri, ongeza sharti jingine lenye neno hilo kabla ya lile la jioni, amua linakomea saa ngapi, hifadhi, kisha bonyeza F5.